Pombe na UVIKO-19: Mwongozo Kamili kwa Anayeugua na Anayepona

Wagonjwa wa UVIKO-19 wanaokunywa pombe hukwama mahali pale pale. Baadhi huendelea kunywa kwa kuamini kwamba kinywaji kikali kinaua virusi kooni. Wengine huacha homa inapopanda, wakarudi kwenye chupa siku homa inaposhuka, kisha wakashangaa kwamba uchovu na kikohozi haviishi. Wapo pia wachache, ambao ndio walio hatarini kuliko wote, wanaoacha ghafla baada ya miaka ya kunywa kila siku, wakaanza kutetemeka na kuweweseka huku jamaa zao wakidhani kwamba korona imezidi. Ushauri wa "acha tu" unawafaa wengi, lakini unaweza kumuua mmoja wa hao wachache, na ndiyo maana hatua za mwongozo huu zimepangwa kama zilivyopangwa.

Maelezo haya yanamhusu mtu mzima anayeuguzwa nyumbani. Mjamzito, mwenye ugonjwa wa ini, na mwenye kisukari anayetumia insulini au vidonge vya kushusha sukari waanze kwa kuzungumza na mtoa huduma wa afya kabla ya hatua yoyote.

## Vitu vya kuandaa

- Kipimajoto.
- Oksimita ya kidole, yaani kile kifaa kidogo kinachobana kidole na kuonyesha kiwango cha oksijeni na mapigo ya moyo.
- Saa au simu ya kuhesabia pumzi.
- Daftari na kalamu. Usitegemee kumbukumbu, kwa sababu homa na pombe zote huiharibu.
- Maji safi ya kunywa na pakiti za ORS. Zikikosekana, lita 1 ya maji safi ichanganywe na vijiko 6 vya chai vya sukari na nusu kijiko cha chai cha chumvi, vyote vikiwa vimesawazishwa juu. Chumvi ikizidi kipimo hicho huleta madhara.
- Dawa zote unazotumia, zikiwa ndani ya pakiti zake.
- Namba ya simu ya kituo cha afya, pamoja na mtu mmoja asiyelewa atakayekuwa karibu kwa siku 3 za mwanzo.

## Hatua ya 1: Pima unachokunywa kwa gramu

Jibu la "huwa nakunywa mbili tatu" halimsaidii daktari wala halikusaidii wewe, kwa kuwa chupa hutofautiana kwa ujazo na kwa ukali. Chukua ujazo wa kinywaji kwa mililita, zidisha kwa asilimia ya alkoholi iliyoandikwa kwenye lebo, gawanya kwa 100, kisha zidisha kwa 0.8. Utapata gramu za alkoholi halisi.

Bia ya mililita 500 yenye asilimia 5 ina gramu 20. Chupa ya mvinyo ya mililita 750 yenye asilimia 12 ina gramu 72. Chupa ndogo ya pombe kali ya mililita 200 yenye asilimia 40, ile inayoingia mfukoni, ina gramu 64, yaani zaidi ya bia 3 za kipimo hicho. Shirika la Afya Duniani huhesabu gramu 10 kuwa kinywaji kimoja cha kawaida, ingawa Uingereza huhesabu gramu 8 na Marekani gramu 14. Kwa pombe isiyo na lebo, andika ukubwa wa chombo, idadi uliyokunywa, na saa uliyoanza na kumaliza.

Hesabu hii ina kazi ya pili. Ini la mtu wa kawaida huondoa takribani gramu 7 hadi 10 kwa saa, na hakuna kahawa, supu wala kuoga maji baridi kunakoliharakisha. Aliyemaliza ile chupa ndogo saa 5 usiku bado ana pombe mwilini alfajiri, anapomeza kidonge chake cha kwanza cha homa.

Sasa jiulize maswali haya, na ujibu bila kujionea haya:

- Je, asubuhi hutetemeka mikono, kutokwa na jasho au kuhisi kichefuchefu mpaka uzimue?
- Je, umewahi kupata degedege au kuona vitu visivyokuwepo ulipoacha pombe?
- Je, kwa wiki kadhaa umekuwa ukinywa kiasi kikubwa kila siku au karibu kila siku?
- Je, ni muda mrefu tangu upitishe siku 2 mfululizo bila kunywa?

Ukijibu "ndiyo" hata mara moja, wewe ni wa kundi la pili, na unapaswa kuruka hadi Hatua ya 3. Ukijibu "hapana" kwa yote, uko kundi la kwanza. Vituo vya afya hutumia dodoso la maswali 10 la Shirika la Afya Duniani liitwalo AUDIT, ambalo alama 20 au zaidi huashiria uwezekano wa utegemezi. Maswali manne ya hapo juu ni kichujio cha nyumbani tu, na kwa maoni yangu ni bora mtu ajihesabu kundi la pili kwa kukosea kuliko kinyume chake.

Umefanikiwa iwapo: daftarini mna gramu za siku ya kawaida, saa ya kinywaji cha mwisho na kundi lako.

## Hatua ya 2: Kundi la kwanza, acha leo

Acha siku dalili zinapoanza, hata kabla ya kipimo kutoa jibu, na toa pombe nje ya chumba cha mgonjwa.

Sababu kubwa iko kwenye mapafu. Njia za hewa zimetandazwa vijinywele vidogo mno vinavyosukuma makohozi juu ili yatolewe, na ndani ya vifuko vya hewa mna seli walinzi zinazomeza vijidudu. Unywaji wa kupindukia hudhoofisha vyote viwili, na hata kikao kimoja cha kulewa sana huvuruga kinga kwa saa kadhaa baadaye. Isitoshe, wanywaji wa kudumu wa kiasi kikubwa hupatwa kwa urahisi zaidi na hali ya mapafu kujaa majimaji na kushindwa kazi ghafla, ambayo madaktari huiita ARDS. Hali hiyo ndiyo iliyowapeleka wagonjwa wengi wa korona kwenye mashine za kupumulia.

Pombe pia huongeza mkojo wakati homa inakausha mwili, huyumbisha mapigo ya moyo, na huvunjavunja usingizi. Jambo lisilozungumzwa sana ni kwamba huziba ishara: aliyelewa hawezi kujua kama kizunguzungu chake ni cha kinywaji au ni cha oksijeni kupungua, na wanaomuuguza nao hawajui.

Kuhusu imani ya kuua virusi kooni, fuata hesabu. Kitakasa mikono hufanya kazi kikiwa na alkoholi ya asilimia 60 au zaidi, na ni juu ya ngozi tu. Damu ya binadamu ikifikisha alkoholi ya takribani asilimia 0.4, mtu anaweza kufa. Virusi vyenyewe vimo ndani ya seli za pua, koo na mapafu, mahali ambapo funda la pombe halifiki. Hakuna kiwango cha pombe kinachoweza kumfikia mdudu huyo bila kumuua mwenye mwili kwanza.

Onyo: usinywe kitakasa mikono wala spiriti ya aina yoyote. Baadhi huwa na methanoli, ambayo hupofusha na kuua. Mwanzoni mwa mwaka 2020 mamia ya watu walikufa nchini Iran kwa kunywa pombe yenye methanoli, katika siku zilizovuma uvumi kwamba pombe inakinga na korona. Methanoli haitambuliki kwa kunusa, na mgonjwa aliyepoteza uwezo wa kunusa hana hata pa kuanzia.

Umefanikiwa iwapo: saa 24 zimepita bila pombe, hutetemeki, na dalili ulizo nazo ni za ugonjwa tu. Nenda Hatua ya 4.

## Hatua ya 3: Kundi la pili, usiache peke yako

Ubongo uliozoea pombe kila siku hujirekebisha kwa kuongeza msisimko wake ili kukabiliana na kile kinacholegeza. Pombe ikiondolewa kwa ghafla, msisimko ule hubaki bila kizuizi, na hapo ndipo arosto inapoanza. Kwa mtu mwenye homa, mapigo ya haraka na upungufu wa maji, arosto ya pombe ni mzigo juu ya mzigo.

Piga simu kituo cha afya kabla ya kupunguza chochote. Sema mambo matatu kwa mfuatano huu: una korona au dalili zake, unakunywa gramu ngapi kwa siku, na saa ya kinywaji chako cha mwisho. Mtoa huduma ataamua kama uachishwe hospitalini au nyumbani chini ya uangalizi. Dawa inayotumika mara nyingi ni ya jamii ya diazepamu, na dozi yake huhitaji umakini kwa sababu yenyewe hupunguza nguvu ya kupumua. Kwa mwenye mapafu yaliyougua, kuinunua na kujimezea ni kucheza na kifo. Kwa kawaida utapewa pia vitamini B1, kwa kuwa upungufu wake, ambao ni wa kawaida kwa wanywaji wa muda mrefu, unaweza kuharibu ubongo kwa kudumu.

Ikiwa msaada unachelewa kwa saa kadhaa, usimwage pombe yote wala usijaribu ushujaa. Endelea na kiasi kile kile au kidogo kinachotosha kuzuia kutetemeka, bila kulewa, mpaka uonwe. Ndugu wengi hukasirika wanapousoma ushauri huu, nami naelewa kwa nini. Lakini mwenye utegemezi akinyang'anywa chupa usiku wa Jumamosi, degedege linaweza kumkuta Jumapili.

### Saa zinavyokwenda baada ya kinywaji cha mwisho

Saa 6 hadi 24. Mikono hutetemeka ikinyooshwa mbele, jasho hutoka, moyo hukimbia, tumbo huchafuka, usingizi hukataa. Mwambie mgonjwa anyooshe mikono, atanue vidole, kisha umwekee karatasi juu ya vidole: karatasi ikitikisika pembeni wakati mgonjwa hana baridi wala hatetemeki mwili mzima kwa homa inayopanda, arosto imeanza.

Saa 6 hadi 48. Hiki ndicho kipindi cha degedege, na linaweza kumpata hata mtu ambaye saa moja iliyopita alionekana ametulia.

Saa 48 hadi 96. Kwa baadhi huja kuchanganyikiwa kukubwa: mgonjwa hajui alipo, huona wadudu au watu wasiokuwepo, huku joto na mapigo vikipanda. Asipotibiwa, anaweza kufa.

Homa, jasho, mapigo ya haraka na maumivu ya kichwa ni vya magonjwa yote mawili. Kikohozi, koo kuwasha, kupoteza harufu na oksijeni kushuka huelekeza kwenye korona. Kutetemeka kwa mikono kunakoanza ndani ya siku moja ya kuacha huelekeza kwenye arosto. Usijaribu kutofautisha kwa kumpa kinywaji uone kama atatulia. Anayechanganyikiwa au kupata degedege anahitaji hospitali, iwe chanzo ni kipi.

Akipata degedege, mlaze ubavu, ondoa vitu vigumu karibu naye, usimtie kitu mdomoni, na ita gari la wagonjwa.

Ukilazwa, rudia idadi ya gramu kwa kila anayekupokea. Mgonjwa anayeficha unywaji wake huanza kuweweseka siku ya tatu wodini, na timu ikaanza kutafuta sababu kwenye mapafu na ubongo wakati sababu ni chupa aliyoiacha nyumbani. Pia atakayehitaji dawa za usingizi ili kuwekewa mashine ya kupumulia huenda akahitaji dozi tofauti na za wengine.

Umefanikiwa iwapo: siku 5 zimepita chini ya uangalizi, mikono imetulia, na unalala angalau sehemu ya usiku.

## Hatua ya 4: Chambua dawa kabla ya kumeza

Mwaga dawa zote mezani na soma viambato vya kila pakiti, si jina la mbele tu.

Parasetamoli ndiyo dawa ya kawaida ya homa, na kikomo cha mtu mzima mwenye afya ni gramu 4 kwa saa 24. Ini likiishughulikia hutoa sumu kidogo, ambayo kwa kawaida huzimwa mara moja. Kwa mnywaji wa kila siku, asiyekula vizuri, sumu huongezeka huku kinachoizima kikipungua. Kwa sababu hiyo madaktari wengi huwawekea watu hao kikomo cha gramu 2, nawe uliza chako kabla ya kuanza. Kosa la kawaida ni kumeza vidonge vya parasetamoli, kisha kunywa dawa ya mafua ambayo nayo ina parasetamoli, kisha dawa ya maumivu ya kichwa yenye hiyo hiyo. Jumlisha zote daftarini.

Ibuprofeni, diklofenaki na aspirini zikikutana na pombe huweza kusababisha tumbo kutoka damu. Kinyesi cheusi kama lami au matapishi yenye damu ni dharura.

Dawa za kikohozi na mzio zinazoleta usingizi, hasa zenye kodeini, hupunguza kasi ya kupumua, na pombe hufanya vivyo hivyo. Usizichanganye kamwe.

Deksamethasoni husaidia wagonjwa wanaohitaji oksijeni, na haina faida kwa mwenye dalili nyepesi. Isitumike nyumbani kwa kujiamulia. Hupandisha sukari, na pamoja na pombe huongeza hatari ya vidonda vya tumbo.

Anayetumia wafarini (dawa ya kuzuia damu kuganda) au dawa ya kisukari asiguse pombe hata kidogo katika kipindi hiki. Pombe huvuruga kazi ya ile ya kwanza, na kwa asiyekula inaweza kushusha sukari hadi kuzimia.

## Hatua ya 5: Maji, chakula, usingizi

Kunywa kidogo kidogo mchana kutwa mpaka mkojo uwe wa rangi ya manjano hafifu. Mkojo mweusi kama chai baada ya siku nzima ya kunywa maji ni sababu ya kwenda kituoni. Kula milo midogo hata kama chakula hakina ladha.

Usitumie pombe kuleta usingizi. Huharakisha kusinzia, kisha hukuamsha katikati ya usiku, na huongeza kukoroma na kukatika kwa pumzi wakati mapafu hayana akiba ya kupoteza.

## Hatua ya 6: Pima, andika, amua

Pima mara 3 kwa siku. Keti kimya dakika 5, pasha mkono joto, ondoa rangi ya kucha, weka oksimita kwenye kidole cha kati, na ungoje namba itulie kwa dakika moja. Oksimita nyingi huonyesha oksijeni kubwa kuliko iliyopo kwa watu wenye ngozi nyeusi, kwa hiyo mwelekeo wa namba ni muhimu kuliko namba moja: aliyekuwa na 98 jana na leo ana 94 amebadilika, hata kama kifaa hakijalia.

- Oksijeni chini ya 94: piga simu kituoni siku hiyo hiyo.
- Oksijeni 90 au chini, pumzi 25 au zaidi kwa dakika ukiwa umetulia, maumivu ya kifua yasiyoisha, midomo kubadilika rangi, au kuchanganyikiwa: hospitali sasa hivi.
- Macho kuwa ya manjano, kutapika kusikokoma, au kutetemeka kunakozidi: hospitali, hata kama oksijeni ni nzuri.

Umefanikiwa iwapo: namba za oksijeni za siku 3 mfululizo zimetulia au zinapanda.

## Hatua ya 7: Kipindi cha kupona

Hapa ndipo wengi huanguka, kwa sababu homa hutangulia kuondoka na mapafu hubaki nyuma. Katika UVIKO-19 hali inaweza kubadilika kuwa mbaya katika wiki ya pili, wakati mgonjwa ameshaanza kujisifu kuwa amepona. Kinywaji cha "kujipongeza" siku ya sita au ya saba huangukia mlangoni mwa kipindi hicho hasa.

Aliye kundi la pili asirudi kabisa; ameshapita sehemu ngumu, na kuianza upya kunamrudisha Hatua ya 3. Aliye kundi la kwanza asifikirie kunywa kabla ya haya yote kutimia: siku 3 bila homa na bila dawa ya homa; hakuna dawa ya Hatua ya 4 inayoendelea; hamu ya kula imerudi; na anaweza kutembea dakika 6 bila oksijeni kushuka wala moyo kukimbia kupita kiasi. Juu ya hayo mimi huongeza wiki 2 nzima. Aliyelazwa, hasa aliyewekewa oksijeni au aliyeambiwa moyo au ini limeguswa, angoje ruhusa ya daktari wake.

Hakuna anayelazimika kurudi. Shirika la Afya Duniani lilitamka Januari 2023 kwamba hakuna kiwango cha pombe kilicho salama kwa afya. Anayeamua kurudi aanze na kinywaji kimoja cha gramu 10, pamoja na chakula, jioni ambayo kesho yake hana kazi ngumu, kisha aangalie mapigo, usingizi na uchovu kwa saa 24. Vikiharibika, mwili haujawa tayari.

## Hatua ya 8: Dalili zikidumu

Uchovu, kukosa pumzi na akili kuwa nzito zinazoendelea miezi 3 tangu ugonjwa uanze, zikiwa zimedumu angalau miezi 2 bila sababu nyingine, ndizo zinazotambuliwa kuwa hali ya baada ya UVIKO-19. Baadhi ya wenye hali hii hueleza kwamba kiasi kidogo cha pombe, ambacho zamani hakikuwasumbua, sasa huwaletea maumivu ya kichwa, mapigo ya haraka na kulala siku nzima. Pombe hutanua mishipa ya damu na kushusha shinikizo la damu mtu anaposimama, kwa hiyo mwenye kizunguzungu cha kusimama huumia zaidi. Kaa bila pombe kabisa mpaka dalili ziishe.

Kuna pia wanaogeuza pombe kuwa dawa ya uchovu, huzuni au kukosa usingizi baada ya korona. Ukijikuta unaongeza gramu kila wiki, au unashindwa kungoja muda wa Hatua ya 7, omba ushauri nasaha na uulize kuhusu dawa za kupunguza hamu ya pombe, kama vile naltreksoni na akamprosati. Daktari atapima kwanza ini na figo, kwa sababu naltreksoni haimfai mwenye ugonjwa mkali wa ini wala anayetumia dawa za jamii ya kodeini, na akamprosati haimfai mwenye figo zilizoharibika sana.